Mhakiki wa Vitabu Usomaji Wake Unapobadilika

Wengi wanaoandika kuhusu vitabu vya Kiswahili huanza wakiwa na nafasi. Ni wanachuo, au walimu wapya ambao bado hawana familia, au vijana wanaosubiri ajira. Riwaya wanaianza Ijumaa, Jumapili wameimaliza, Jumatatu mapitio yako tayari. Kisha maisha yanasonga. Kazi inapatikana, mtoto anazaliwa, mzazi anaugua, au mtu anahamia mji ambao duka lake la vitabu linauza madaftari na vitabu vya kiada tu. Riwaya iliyokuwa ya siku mbili inalala kando ya mto wa kitanda mwezi mzima. Wasomaji wanaulizia, mwandishi anaona haya, ananyamaza, na ukimya ukishafikisha miezi kadhaa unakuwa mgumu kuuvunja.

Ninamwandikia mtu huyo. Nataka aendelee, na ninaamini ataweza akiandika kutokana na usomaji alionao leo, uwe ni nusu saa ya usiku, hadithi za mtoto, au riwaya moja kwa msimu. Akingoja usomaji wa ujana urudi ndipo aandike, hataandika tena.

Sababu ya kumng'ang'ania ni hii. Tafuta mtandaoni jina la riwaya yoyote ya Kiswahili iliyowahi kutahiniwa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora itakuletea miongozo tele, na Chozi la Heri ya Assumpta Matei vilevile: muhtasari wa kila sura, dhamira, sifa za wahusika, tamathali za usemi, maswali na majibu. Miongozo hiyo ina kazi yake. Lakini mtu mzima aliyeko Mwanza, Mombasa au Muscat, ambaye hana mtihani wowote mbele yake na anataka kujua tu kama Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed itamfaa kwa safari ya usiku, hapati wa kumwambia. Vitabu vya Kiingereza vina maelfu ya watu wanaovijadili kila siku. Riwaya ya Kiswahili ikipata mtu mmoja aliyeisoma kwa makini na kuandika alichokiona, maneno yake yanasomwa kwa miaka. Mhakiki wa Kiswahili anayeandika mara nne kwa mwaka bado ana uzito mkubwa. Naomba aliamini hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Anza kwa kuangalia unachosoma kweli. Chukua karatasi uandike kila kilichopita mbele ya macho yako tangu msimu wa mvua uliopita: kitabu cha dini ulichosoma Ramadhani au Kwaresima, hadithi uliyomsomea mtoto, sura tatu za riwaya uliyoiacha, diwani uliyofungua katikati, simulizi uliyofuatilia kwenye simu. Watu wengi wakiandika orodha hiyo hugundua kwamba hawajaacha kusoma. Kilichoondoka ni aina moja ya usomaji, kwa kawaida riwaya ndefu, na kwa kuwa walizoea kuandika kuhusu riwaya, wanaona kama hawana la kusema. Orodha hiyo ndiyo kazi yako ya miezi ijayo. Ukiona vitabu vya watoto ndivyo vingi, wewe sasa ni mhakiki wa vitabu vya watoto, angalau kwa mwaka huu. Ukiona mashairi yamezidi, waambie wasomaji wako kwamba unahamia kwenye mashairi. Sentensi mbili zinatosha. Usiandike aya nzima ya kuomba radhi, kwa sababu msomaji anataka kitabu, na kila mstari wa radhi unamchelewesha kukifikia.

Pamoja na hayo, ratiba iandikwe upya. Kama uliahidi mapitio kila wiki, ahidi kila mwezi, na kama mwezi nao ni mzigo, usiahidi tarehe. Ahadi ndogo inayotimizwa humfanya msomaji arudi.

Sasa nije kwenye namna ya kuandika, maana muda ukipungua ndipo tabia mbaya zinapojitokeza. Tuliosomea Kiswahili darasani tulifundishwa kugawa kitabu katika fani na maudhui, na mtu akichoka mkono wake unarudi huko wenyewe. Anaandika: "Riwaya hii inazungumzia nafasi ya mwanamke katika jamii na athari za malezi mabaya." Sentensi hiyo unaweza kuibandika juu ya riwaya ishirini na isikosee hata moja. Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Jaribu hivi: "Maksuudi anamfungia binti yake ndani ili asiharibike, na kwa kumfungia anamnyima maarifa yote ambayo yangemkinga siku atakapotoka. Niliposoma Maimuna anavyodanganywa huko nje, hasira zangu zote zilikuwa kwa baba yake." Hapo msomaji amepata mtu, amepata tendo, na amejua kitabu kinamfanya nini anayekisoma. Neno "dhamira" halikutajwa, ila dhamira imo. Mapitio ya aya tatu za namna hiyo yanazidi kurasa tano za uchambuzi wa darasani, na yanaandikika usiku mmoja baada ya watoto kulala.

Ili uweze kuandika hivyo huku unasoma kwa vipande vipande, unahitaji kumbukumbu nje ya kichwa chako. Kata karatasi ngumu, boksi la viatu linafaa, yenye upana wa vidole vitatu. Iweke ndani ya kitabu iwe alamisho. Kila unapofunga kitabu, iwe ndani ya daladala au kwenye foleni ya hospitali, andika namba ya ukurasa na maneno machache: "uk. 41, mama ananyamaza mezani." "uk. 58, huyu kaka simwamini." Usiandike muhtasari, andika kilichokugusa au kilichokukera. Kitabu kikiisha baada ya wiki sita utakuwa na mistari kumi na tano au ishirini, na utashangaa jinsi mapitio yanavyojipanga yenyewe ukiisoma karatasi hiyo kutoka juu hadi chini. Utaona pale ulipoanza kumpenda mhusika, pale ulipochoka, pale ulipobadili mawazo. Anayesoma kwa simu apige picha ya skrini na kuiweka kwenye folda yenye jina la kitabu, lakini aandike neno moja juu ya picha, maana picha thelathini zisizo na neno hazitamwambia kitu mwezi ujao.

Kwa mtu ambaye muda wake umebana, usomaji ninaoupendekeza kuliko wowote ni wa kurudia. Hapa naomba tukae kidogo.

Kitabu ulichokisoma zamani unacho nyumbani tayari, au unajua nani wa kukuazima. Hakidai pesa, na huogopi kupotea njiani. Tena wewe uliyekisoma si yuleyule. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Wengi wetu tuliisoma tukiwa vijana, pengine kwa kujificha, na tulikuwa upande wa Rosa mwanzo hadi mwisho. Zakaria, yule baba mlevi anayembana bintiye asizungumze hata na wavulana, tulimchukia moja kwa moja. Isome leo ukiwa na binti wa kidato cha pili ambaye simu yake inaita saa nne usiku. Ulevi wa Zakaria utakuchukiza zaidi kuliko zamani, maana sasa unajua gharama ya kulea. Hofu yake, hata hivyo, utaitambua, na kuitambua kutakusumbua. Halafu utamwona Regina, mama, anayebeba nyumba yote mgongoni, ambaye ukiwa na miaka kumi na saba hukumtazama hata kidogo. Hayo ni mapitio ambayo kijana wa chuo hawezi kuyaandika, hata akisoma vitabu hamsini kwa mwaka. Yamekuja na umri, pamoja na yaleyale majukumu uliyodhani yamekunyang'anya uhakiki.

Mbinu yake ni rahisi. Kabla hujakifungua kitabu, andika kwa mkono kila unachokikumbuka: nani alifanya nini, kiliishaje, ulimpenda nani. Usichungulie. Ukishamaliza kusoma upya, linganisha. Pale kumbukumbu ilipokudanganya, na pale macho yako yalipohamia kwa mhusika mwingine, ndipo kiini cha mapitio yako kilipo. Siku Njema ya Walibora ni kitabu kizuri cha kufanyia zoezi hili kwa Wakenya waliokisoma shuleni. Safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba inasomeka kwa namna moja ukiwa bwenini, na kwa namna nyingine kabisa ukiwa umeishi miaka mbali na kwenu.

Kurudia vitabu kutakukutanisha pia na mapitio yako ya zamani. Kuna vitabu ulivyovisifu mno, kuna ulivyoviponda kwa ukali wa ujana. Usiyafute mapitio hayo. Weka tarehe ya kuandikwa juu kabisa, kisha chini yake ongeza aya mpya yenye tarehe ya leo, useme unakionaje kitabu sasa na kwa nini. Msomaji akiona hukumu mbili za mtu mmoja zikiwa pamoja, anajifunza zaidi kuhusu kitabu kuliko angejifunza kwa hukumu moja iliyosafishwa.

Baada ya kurudia, fikiria vitabu vyembamba. Fasihi yetu imebarikiwa navyo. Kusadikika ya Shaaban Robert haifiki kurasa mia, na Nagona na Mzingile za Kezilahabi nazo hazifiki. Tamthilia kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inasomeka jioni mbili. Ila nikuonye kuhusu Nagona: wembamba wake haumaanishi wepesi. Panga kuisoma mara mbili kabla hujaandika neno, na kama baada ya mara ya pili bado kuna sehemu hukuielewa, andika hivyo hivyo, taja sehemu yenyewe, eleza ulijaribu kuisomaje. Wasomaji wengi wameiweka chini wakidhani tatizo ni lao peke yao, na watafarijika kumpata mwenzao.

Mashairi nayo yanafaa sana kwa maisha yenye shughuli nyingi, lakini usijaribu kuhakiki diwani nzima. Chagua shairi moja. Lisome kwa sauti asubuhi ukienda kazini na usiku ukirudi, wiki nzima. Mwishoni andika kuhusu hilo moja tu: sauti yake, pale pumzi inapokatika, neno ambalo kila siku linakusimamisha. Kichomi ya Kezilahabi, iliyozua mjadala mkali wa vina na mizani ilipotoka mwaka 1974, inasomwa vizuri kwa mtindo huu, na pia N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, hasa kwa wasomaji walioko ughaibuni.

Kuhusu simu. Waandishi wengi vijana, Tanzania hasa, sasa wanauza simulizi zao kipande kwa kipande kupitia WhatsApp na Facebook, na msomaji analipia kwa pesa za mtandao. Mababu wa simulizi hizo ni hadithi zilizokuwa zikitoka magazetini toleo kwa toleo. Kama muda wako wa kusoma umehamia huko, hakiki huko. Watu wanaosoma simulizi hizo ni wengi na hakuna anayewaandikia kwa heshima. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, mwandishi anaweza kubadilisha kipande baada ya kukituma, kwa hiyo taja ulisoma lini na ulifika sehemu ya ngapi. Pili, simulizi ya vipande inaishi kwa kukukatisha pale unapotaka kujua zaidi, basi ipime kwa kipimo hicho: je, ulirudi kwa hiari, au ulirudi kwa sababu ulishalipia? Riwaya za kijasusi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa nazo zilidharauliwa na wasomi wengi wakati wake, huku zikiwafundisha maelfu ya watu raha ya kusoma Kiswahili. Mhakiki asirudie dharau hiyo kwa kizazi hiki.

Mwenye watoto wadogo ana hazina ambayo wengi hawajui kuitumia. Kitabu cha mtoto kinahakikiwa kwa sauti. Msomee mtoto usiku mmoja bila kumweleza kitu, ukaangalie ni ukurasa gani anakuzuia usifungue wa pili, wapi anakatisha kuuliza, wapi anajilaza na kuacha kusikiliza. Kesho yake mpe achague mwenyewe. Kitabu kinachoombwa usiku wa nne mfululizo kina kitu, na kazi yako ni kukitafuta: mdundo wa sentensi, picha ya mbuzi aliyekonda, neno linalorudiwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya namna hii kufika shuleni, na wazazi wachache sana wanajua vipo. Tovuti ya African Storybook nayo ina hadithi nyingi za Kiswahili ambazo zinasomwa na kupakuliwa bure, tena kihalali. Mapitio ya hadithi kama hiyo ya kurasa chache yanaweza kumfaa mzazi wa Bujumbura au Bukavu kuliko uchambuzi wako wote wa riwaya.

Kitabu ulichokiacha njiani unaweza pia kukiandikia, kwa masharti. Taja uliishia ukurasa wa ngapi. Sema kama kilichokutoa ni kitabu au ni maisha yako. Kama ni maisha, usikihukumu.

Jambo linaloua wahakiki wengi ni maombi ya waandishi wanaotaka vitabu vyao vihakikiwe. Dunia ya waandishi wa Kiswahili ni ndogo: anayekuandikia ni mwalimu wako wa zamani, au jirani wa mjomba wako, au mliketi meza moja kwenye uzinduzi. Anakutumia kitabu kwa basi, bure, na nauli ya kifurushi kalipa yeye. Vitabu vinajaa rafu, kila kimoja kinakudai, na siku unapopata saa moja ya kusoma unashindwa hata kuchagua. Wengi wameacha kuandika hapo. Dawa yake ni kujibu mapema, kwa adabu na kwa uwazi, kabla kifurushi hakijatumwa. Kwa mtu mzima unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa kunifikiria. Kwa sasa ninasoma kitabu kimoja kwa mwezi, na vilivyopo mbele ya chako vitanifikisha mwisho wa mwaka. Nikikisoma nitaandika ninavyokiona, penye uzuri na penye upungufu. Kama utaratibu huu hautakufaa, nitaelewa kabisa, na nakuomba kitabu usinitumie kwanza."

Wengi watakubali. Atakayekasirika angekasirika zaidi baada ya mapitio. Kitabu ulichopewa bure kitajwe kuwa ulipewa, katika mstari wa kwanza au wa mwisho wa mapitio, kila mara. Kitabu cha ndugu, cha bosi au cha mtu mnayedaiana pesa usikihakiki kabisa. Kitangaze tu kwamba kimetoka, useme na uhusiano wenu.

Kisha kuna ombi la pili, linalokuja kila unapokisifu kitabu: "Dada, naomba PDF yake." Najua linatokana na hali halisi. Vitabu ni ghali kwa mishahara yetu na maduka yako mbali. Lakini ukimtumia mtu nakala ya wizi ya riwaya ya mwandishi aliye hai, unampunguzia sababu ya kuandika nyingine. Jibu kwa kumpa njia. Akiwa Dar es Salaam, mwelekeze duka la vitabu la TPH Mtaa wa Samora, mkahawa wa vitabu wa Soma kule Mikocheni, au Maktaba Kuu iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed kama hana pesa ya kununua. Nairobi kuna Text Book Centre, ambayo imekuwapo tangu 1964. Aliyeko Ulaya au Amerika ya Kaskazini anaweza kuagiza vitabu vya mchapishaji Mkuki na Nyota kupitia African Books Collective. Jenga tabia ya kuweka taarifa hizo mwishoni mwa kila mapitio, pamoja na jina la mchapishaji na idadi ya kurasa, na maombi ya PDF yatapungua.

Mwaka wa kitabu uangalie vizuri. Vitabu vyetu vinachapwa upya mara nyingi, na nakala mpya wakati mwingine inaonyesha mwaka wa uchapaji wake tu. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, soma maandishi madogo, na kama hayasemi, uliza maktaba. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Msomaji asiyejua hilo atamsikiliza Karama akijitetea mahakamani na atakosa nusu ya ujasiri wa aliyemtunga. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni ya 1960, na anayeidhania kuwa ya juzi hatajua kwamba Bwana Msa alianza upelelezi wake Unguja kabla ya Mapinduzi.

Wakati wa kutoa mapitio nao una maana yake, na hapa mtu mwenye muda mchache anaweza kujipanga akafaidika. Kuna nyakati watu hukimbilia vitabu. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wasomaji wa Kiswahili walitaka kumsoma kwa lugha yao na hawakumpata. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya mwaka 1994, ilitoka mwaka 2022. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021, iliwarudisha watu kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Januari 2020 tulimpoteza Kezilahabi, Aprili ya mwaka huohuo Walibora, na mara zote mbili watu waliuliza waanzie kitabu kipi. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, swali hilo hurudi. Ukiwa na mapitio manne au matano ya akiba, uliyoyaandika likizo bila haraka, unaweza kuyatoa siku inayohitajika hata kama wiki hiyo una zamu za usiku. Yapitie tu kabla hujayatoa, uone kama anwani na bei bado ni sahihi. Bei kwa kweli afadhali usiitaje.

Kuhifadhi nisiseme mengi. Kila mapitio yawe na nakala mahali pawili nje ya mtandao unaouandikia, mojawapo iwe kwenye diski au karatasi. Simu huibiwa na akaunti hufungwa.

Mwisho ni watu. Ikifika pahali ambapo hata mara nne kwa mwaka huwezi, kwa sababu ya ugonjwa, masomo au malezi, tafuta mwenzako badala ya kufunga. Usimtafute anayejiita mhakiki. Mtafute mfamasia anayesoma riwaya dukani wateja wakipungua, au shangazi aliyesoma vitabu vyote vya Said Ahmed Mohamed na hajawahi kuulizwa anavionaje. Kama kuandika kunamtia hofu, mpigie, muulize maswali matatu kuhusu kitabu, umrekodi kwa ruhusa yake, kisha uyaandike maneno yake kama alivyoyasema. Msomee kwa simu kabla hujayatoa, akubali au arekebishe. Usimsahihishie lahaja ya kwao: Kiswahili cha Kisangani au cha Lamu kisomeke ni cha huko. Jina litakalokaa juu ya mapitio liwe lake, na akiwa tayari kuendelea, mpe achague kitabu kinachofuata yeye mwenyewe.